Miwaridi ya kivulini: namna ya kuchagua na kupanda isiishie kwenye madoa meusi

Mwaridi hupenda jua, hilo halina ubishi. Ukiupa saa 6 au zaidi za jua kamili kwa siku utachanua bila kubembelezwa. Ukiupa kati ya saa 4 na 6 bado utachanua, mradi uwe umechagua aina inayovumilia. Chini ya saa 4 utavuna majani kuliko maua. Tatizo ni kwamba bustani nyingi zina ukuta, mti au ghorofa ya jirani, na mwenye bustani akiuliza huambiwa asahau mawaridi. Ushauri huo ni wa haraka mno. Miwaridi mingi iliyofia kivulini haikufa kwa kukosa mwanga. Ilimalizwa na ukungu, kwa sababu majani yalikaa na maji muda mrefu bila jua wala upepo wa kuyakausha. Ndiyo maana hapa tutahesabu vitu viwili kwa pamoja: saa za jua, na saa ambazo jani linabaki limelowa.

Hatua ya 1: Pima jua la mahali pako

Chagua siku isiyo na mawingu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, toka kila baada ya saa moja uangalie pale unapotaka kupanda, kisha uandike unachokiona: jua kamili, jua la madoadoa linalopenya kwenye matawi, au kivuli kitupu. Kama kuandika kunakuchosha, piga picha kwa simu. Itakutunzia na saa yenyewe. Chuchumaa unapoangalia. Ukuta wa mita moja na nusu unaweza kukuachia wewe jua la usoni huku ukikinyima kichaka cha sentimita 80.

Jumlisha saa za jua kamili. Jua la madoadoa lihesabu nusu.

Sasa angalia saa hizo ni zipi, maana saa 4 za asubuhi na saa 4 za alasiri hazilingani hata kidogo. Tuseme umande unaanza kutua saa 8 usiku. Jua likifika kwenye majani saa 2 asubuhi, jani limelowa kwa saa 6. Likichelewa hadi saa 5 asubuhi, na hewa ikiwa imetulia, jani limelowa kwa saa 9. Tofauti hiyo ya saa 3 inaonekana ndogo, lakini utakapofika kwenye hatua ya pili utaona kwamba ndiyo inayoamua kama kichaka kitakuwa na majani au kitabaki miiba mitupu.

Kuna kipimo kingine rahisi, nacho hakihitaji kalamu. Saa 3 asubuhi, nenda kwenye mmea wowote uliopo pale, ushike jani la usawa wa goti. Juu yake huenda pamekauka, kwa hiyo usiridhike na kutazama. Geuza jani. Pitisha kidole kwenye mshipa wa katikati na kwenye ncha, mahali ambapo maji hujikusanya na kung'ang'ania. Kisha shika jani lililo ndani ya kichaka, sio la nje. Siku ambayo haijanyesha, jani la ndani likiwa bado na maji hata ukirudi saa 4 asubuhi, mahali hapo panahitaji aina ngumu kabisa za miwaridi, au mmea mwingine.

Rudia vipimo baada ya miezi mitano au sita, kwa sababu jua huhama. Kaskazini ya ikweta, upande wa kusini wa nyumba ndio unaopata jua jingi na wa kaskazini hubaki kivulini. Kusini ya ikweta ni kinyume chake. Karibu na ikweta hali hugeuka ndani ya mwaka mmoja: Juni jua hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, hivyo ukuta uleule unaweza kuwa na jua msimu mmoja na kivuli msimu unaofuata. Upande wa mashariki hauna fumbo hilo. Kama una nafasi moja tu ya kuchagua, panda mashariki mwa jengo, jua la asubuhi liufikie mmea na jua kali la alasiri lizuiwe na ukuta.

Usichanganye pia kivuli cha jengo na kivuli cha mti. Kwenye kivuli cha jengo mmea unaona anga juu yake, mvua ikikatika imekatika, na mizizi haina mshindani upande huo. Mti hutoza zaidi. Unakunywa maji na kula mbolea uliyowekea waridi, unaendelea kudondosha matone muda mrefu baada ya mvua kuisha, na matawi yake ya chini yanazuia upepo. Mti wenye majani madogo na matawi ya juu unavumilika. Mti wenye majani mapana na mizizi inayotambaa juujuu achana nao. Hata ukimwaga ndoo ngapi, maji yatakwenda kwa mwenye mizizi mingi.

Kabla hujakata tamaa na mahali penye saa 4 kasoro, angalia kama unaweza kupaongezea mwanga. Kupogoa matawi mawili matatu ya chini ya mti, au kupaka ukuta wa nyuma rangi nyeupe, huweza kuleta tofauti inayoonekana.

Hatua ya 2: Tambua ugonjwa utakaokutembelea

Madoa meusi ndiyo adui mkubwa wa mwaridi penye unyevu. Yanasababishwa na ukungu uitwao Diplocarpon rosae. Vijimbegu vyake vikitua kwenye jani kavu havifanyi kitu. Vinahitaji jani lililolowa mfululizo kwa takriban saa 7, na joto la kadiri. Nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi huvifaa sana. Rudi sasa kwenye hesabu ya umande: jani la saa 6 limeponea, la saa 9 limeingia mtegoni. Siku chache baadaye doa hutokea upande wa juu wa jani, jeusi, kingo zake zikiwa zimetawanyika kama wino uliodondokea karatasi laini. Jani hugeuka njano kuzunguka doa, kisha huanguka. Ugonjwa hupanda kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa majani ya chini ndiyo yanayorushiwa matone kutoka ardhini na ndiyo yanayochelewa kukauka.

Mwaridi haufi kwa shambulio moja. Hupukutika, hutumia akiba yake kuchipua upya, hupukutika tena. Juani unaweza kuvumilia mchezo huo miaka. Kivulini, ambako majani hutengeneza chakula kidogo tangu mwanzo, unadhoofika haraka, na mara nyingi mwenye bustani hulaumu kivuli.

Ubwiri unga una tabia tofauti kabisa, na watu wengi huuchanganya na huo wa kwanza. Hauhitaji jani lililolowa. Kwa kweli maji yakitanda juu ya jani huzuia vijimbegu vyake kuota. Unapenda mchana wa joto na ukavu unaofuatwa na usiku wa ubaridi wenye unyevunyevu hewani, hewa isiyotembea, na mmea wenye kiu. Chini ya ukuta, ambako paa huzuia mvua na udongo hukauka, ndipo makao yake. Utauona kama unga mweupe kwenye majani machanga yanayojikunja na kwenye vikonyo vya vitumba, wakati majani makubwa ya zamani yanabaki safi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kwenda kitaluni ni hili: kivuli changu ni cha unyevu au cha ukame? Cha unyevu, tafuta kwanza ustahimilivu dhidi ya madoa meusi. Cha ukame, tafuta ustahimilivu dhidi ya ubwiri unga na upange maji mapema. Aina moja inaweza kuwa hodari kwa ugonjwa mmoja na dhaifu kwa mwingine, na lebo inayosema tu "haishambuliwi na magonjwa" haijakuambia kitu.

Kutu hujulikana kwa vipele vya rangi ya chungwa chini ya jani. Ubwiri vinyoya hupenda ubaridi na unyevu, huacha mabaka ya zambarau yenye pembe, na unaweza kupukutisha mmea kwa siku chache. Yote mawili huzuiwa kwa njia ileile: majani yakauke mapema.

Hatua ya 3: Chagua aina

Anza na umbo la ua kabla ya jina. Kuchanua kunagharimu nguvu, na ua lenye petali nyingi linagharimu zaidi. Aina zenye petali 5 hadi 20 hivi, maua madogo au ya kadiri yanayotoka kwa vishada, huhimili saa 4 au 5 za jua vizuri zaidi kuliko yale mawaridi makubwa ya dukani yenye ua moja juu ya shina refu. Hayo makubwa, ya kundi la Hybrid Tea, kivulini hurefuka, huinama kufuata mwanga na kutoa ua moja moja. Mawaridi yaliyojaa petali hadi mia yana tatizo la ziada: penye unyevu petali za nje hugandana, kitumba hugeuka kahawia na kuoza kabla ya kufunguka. Rangi nayo ina kazi. Nyeupe, waridi hafifu na krimu huonekana kutoka mbali kwenye kivuli. Nyekundu iliyokolea humezwa na giza, ingawa baadhi ya aina hizo hulipenda eneo hilo kwa sababu jua kali huziunguza petali.

Mtego mkubwa upo kwenye orodha. Kuna orodha za mawaridi yanayovumilia kivuli, na kuna orodha za mawaridi yasiyougua, na mara nyingi ni orodha mbili tofauti. 'Zéphirine Drouhin', mwaridi wa Kifaransa wa mwaka 1868, umo karibu kwenye kila orodha ya kivuli: hauna miiba, unanukia, unaparamia ukuta. Lakini unapata madoa meusi na ubwiri unga kirahisi mno. 'Iceberg', ulioletwa na kampuni ya Kordes ya Ujerumani mwaka 1958, unachanua kivulini kwa ukarimu ambao aina chache zinao, na penye hewa kavu ni chaguo zuri; penye unyevu mwingi madoa meusi yataujia. Unachotafuta ni jina lililomo kwenye orodha zote mbili.

Kundi ambalo ningelitazama kwanza ni Hybrid Musk. Sehemu kubwa ilitokana na kazi ya Joseph Pemberton, kasisi wa Essex huko Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20: 'Penelope' wa 1924, 'Cornelia' wa 1925, 'Felicia' wa 1928. Baada ya kifo chake familia ya Bentall iliyofanya kazi naye ikaendelea, na kwao tukapata 'Ballerina' mwaka 1937 na 'Buff Beauty' mwaka 1939. Ni vichaka vipana, vyenye vishada vikubwa na afya nzuri kwa ujumla. 'Ballerina' ndio ningeuweka kwenye kivuli cha madoadoa bila wasiwasi mwingi: maua madogo ya petali 5, ya waridi yenye jicho jeupe, mengi kiasi kwamba kishada kimoja hujaza kiganja.

Kwa ukuta, 'New Dawn' wa mwaka 1930 una maua ya waridi hafifu na nguvu ya kutisha. Unafika mita 5 na kuendelea, kwa hiyo usiuweke penye nafasi ya mita 2. Huu ndio mmea wa kwanza kabisa kupewa hataza ya mimea nchini Marekani, mwaka 1931. 'Madame Alfred Carrière' wa 1879, mweupe, unasifika kwa kukubali kuta zisizopata jua jingi.

Penye hali ya hewa ya baridi, miwaridi ya Rugosa kama 'Hansa' na 'Blanc Double de Coubert' ina majani mazito yenye mikunjo ambayo madoa meusi huyakwepa. Ina miiba ya kutosha kumzuia mwizi, na haipendi dawa: ukiipulizia, majani huungua. Penye joto, tazama miwaridi ya asili ya China. 'Mutabilis' una petali 5 zinazoanza na rangi ya njano inayoelekea chungwa, zinageuka waridi, kisha nyekundu nzito, zote juu ya kichaka kimoja kwa wakati mmoja. Ni mkubwa, mara nyingi hufika mita 2, na umo kwenye orodha ya Earth-Kind, mpango wa Chuo Kikuu cha Texas A&M unaojaribu miwaridi bila kupuliziwa dawa za ukungu.

'Knock Out' unajulikana na kila muuza miche. Uliibuliwa na William Radler wa Wisconsin na kuingia sokoni mwaka 2000, na kwa madoa meusi ni mgumu kweli. Kivulini hupunguza maua lakini hubaki na majani. Wapo wanaouona unachosha kwa kuwa umepandwa kila maegesho ya magari, nami simo mbali nao. Hata hivyo kwa mtu asiye na muda ni jibu la haki. Ila usidhani ugumu huo ni wa kila ugonjwa: nchini Marekani umeshambuliwa vibaya na ugonjwa wa virusi wa roseti unaosambazwa na utitiri mdogo sana.

Kwenye aina mpya, alama ninayoiamini kuliko maneno ya muuzaji ni ADR ya Ujerumani. Miwaridi hupandwa kwenye bustani kadhaa za majaribio, hufuatiliwa miaka 3, na tangu 1997 haipuliziwi dawa yoyote wakati wa majaribio. Alama hiyo inaweza kuondolewa baadaye aina ikianza kuugua.

Tahadhari kwa wapenda njano. Rangi ya njano kali iliingia kwenye mawaridi ya kisasa kupitia kazi ya Joseph Pernet-Ducher wa Lyon, aliyetoa 'Soleil d'Or' mwaka 1900 kutokana na Rosa foetida. Pamoja na rangi, uzao huo ulirithi udhaifu dhidi ya madoa meusi. Zipo njano za siku hizi zilizo imara, lakini kwenye njano na chungwa usinunue bila kuuliza.

Na kuna jambo ambalo hakuna lebo inayoweza kukueleza. Ukungu wa madoa meusi una makundi mengi, na kundi lililopo kwako huenda silo lililokuwepo bustani ya majaribio. Mwaridi uliobaki safi kule unaweza kuugua kwako. Dawa yake ni kutembea: mwisho wa msimu wa mvua, pita kwenye bustani za jirani utazame miwaridi iliyobaki na majani hadi chini, kisha uulize jina.

Hatua ya 4: Kagua mche kabla ya kulipa

Tazama chini, usitazame ua. Majani ya chini yawepo na yawe safi. Mashina yawe angalau matatu, manene, ya kijani, bila mabaka ya zambarau au meusi, kwa kuwa madoa meusi hujificha kwenye mashina pia. Toa mche kwenye chungu kidogo kama muuzaji ataruhusu: mizizi iliyozunguka mara nyingi imekaa humo muda mrefu mno. Mche wenye doa hata moja usiupeleke nyumbani kwa matumaini ya kuutibu.

Hatua ya 5: Weka kila mche mahali pake

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu mche mdogo unadanganya. Lebo ikisema kichaka kitapanuka sentimita 90, kivulini kiachie 120. Mmea unaotafuta mwanga hunyoosha matawi, na matawi ya vichaka viwili yakigusana, pale katikati ndipo majani hayakauki.

Kutoka ukutani acha angalau sentimita 45, na kwa kichaka kikubwa 60 au zaidi. Hiyo inaupa upepo njia ya kupita nyuma na inautoa mmea kwenye udongo mkavu ulio chini ya paa. Mwaridi unaoparamia nao upandwe kwa umbali huohuo, kisha shina liinamishwe kuelekea ukutani. Waya au fito ziwe zimeachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Faida ya anayeparamia ni kwamba mizizi inaweza kukaa kivulini mradi kichwa kifike juani. Matawi yakifika juu, yalaze kimlalo kadiri yanavyokubali, kwa sababu tawi lililolazwa hutoa machipukizi ya maua kwenye kila jicho, wakati lililosimama wima huchanua kileleni tu.

Kwa mti, simama chini yake utazame matawi yanapoishia, kisha toka nje ya mstari huo kwa hatua moja. Hapo matone hayakufiki na ushindani wa mizizi umepungua. Kama huna budi kupanda ndani ya mstari, tumia chungu chenye kina na upana wa sentimita 45 kwenda juu, ukiinue kidogo kwa mawe ili mizizi ya mti isiingie kupitia matundu. Chungu kinakupa pia uhuru wa kukisogeza kufuata jua misimu inapobadilika.

Uzio usiopitisha hewa ni mbaya kuliko unavyodhani. Kona ya kuta mbili, hata ikipata saa 5 za jua, hewa yake husimama. Mahali wazi penye saa 4 na upepo mwanana ningepapendelea kuliko kona hiyo.

Usijaze mimea mifupi chini ya mwaridi. Acha duara tupu la sentimita 30 kuzunguka shina.

Hatua ya 6: Panda

Chimba shimo la sentimita 45 hadi 60 kwa upana na kina. Lijaze maji, kama siku ya pili bado yapo, inua tuta au hama, maana mwaridi hauvumilii miguu kwenye maji. Changanya udongo na mboji iliyoiva. Uchachu unaofaa ni pH 6 hadi 6.5. Kama mche umebebeshwa, yaani umeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, kile kifundo cha maungio kiwe usawa wa ardhi au juu kidogo penye joto, na sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo penye baridi ya kugandisha. Mwagilia hadi udongo utulie, kisha weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8 bila kuyagusisha shina. Matandazo haya yana kazi zaidi ya kutunza unyevu: yanazuia matone ya mvua kurusha vijimbegu kutoka kwenye majani yaliyoanguka.

Hatua ya 7: Matunzo yanayotofautiana na ya juani

Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, polepole. Mpira wa maji unaorusha juu ya majani jioni ni mwaliko wa wazi kwa madoa meusi. Maji mengi mara moja au mbili kwa wiki ni bora kuliko kidogo kila siku, na penye kivuli cha ukame usisubiri majani yanyong'onyee, kwa kuwa kiu hualika ubwiri unga.

Punguza mbolea. Mmea wa kivulini haukui haraka kama wa juani, na nitrojeni nyingi huzaa machipukizi laini, marefu, yenye maji, ambayo ubwiri unga na vidukari huyapenda. Nusu ya kipimo cha kwenye mfuko inatosha kuanzia, kisha usome majani.

Pogoa kwa mkono mwepesi. Juani watu hukata hadi theluthi moja. Kivulini kila jani ni mali, kwa hiyo ondoa matawi yaliyokufa, yanayopishana na yanayoingia ndani, ili mwanga ufike katikati. Majani ya sentimita 15 hadi 20 za mwanzo kutoka ardhini yaondoe yote mmea ukishakuwa mkubwa. Futa makasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine.

Mara moja kwa wiki geuza majani ya chini uyatazame. Jani lenye doa likate papo hapo, na yaliyoanguka yaokote. Ukungu huishi humo hadi msimu ujao. Usiyatupe kwenye lundo la mboji.

Dawa ziwe za mwisho, na zinazuia kuliko kutibu: jani lililokwisha kuwa na doa halirudi kuwa safi. Bikaboneti ya potasiamu husaidia kwa ubwiri unga. Salfa nayo husaidia, lakini usipulizie joto linapozidi nyuzi 30, utaunguza majani. Fuata kipimo cha lebo. Mwaridi unaohitaji kupuliziwa kila wiki ili ubaki na majani haufai mahali hapo.

Hatua ya 8: Uamuzi baada ya misimu miwili

Mwaka wa kwanza usihukumu. Mizizi bado inatafuta nafasi. Msimu wa pili, tazama mambo mawili. Kama majani yapo hadi chini lakini maua ni machache, mmea una afya na unakosa mwanga tu: kata tawi la mti, au uhamishe mita moja au mbili kuelekea mashariki. Kama maua yapo lakini majani yamepukutika katikati ya msimu, aina ndiyo isiyofaa, na kuhamisha hakutasaidia sana.

Kuhamisha kufanyike wakati mmea umepumzika au wa ubaridi, baada ya kupunguza matawi, na udongo mwingi ubaki kwenye mizizi. Ukiung'oa na kutaka kupanda mwaridi mwingine palepale, toa udongo wa shimo lote kwa sentimita 45 kila upande na uweke mwingine kutoka sehemu ambayo haijawahi kuwa na mwaridi, kwa kuwa mche mpya kwenye udongo wa zamani hudumaa hata ukiwa wa aina nzuri. Udongo uliotoa hauna kosa lolote kwa mimea mingine. Upeleke kwenye mboga au maua ya jamii tofauti.